Somo: Kuchagua ekzosi (bomba la moshi) ya Starlet au Vitz ya mbio kwa barabara zetu za Mbeya na Iringa

Wakuu, habari za kazi. Haupiti muda mrefu bila kijana kuingia na Vitz au Starlet gereji kwetu hapa Mwanjelwa na kuniambia, "Fundi, nifungie bomba la inchi mbili na nusu, gari ipumue." Nimelijibu ombi hilo mara nyingi kwa mdomo, leo naliandika lote. Injini ndogo isiyo na tabo (turbo, feni inayoendeshwa na moshi kusukuma hewa ndani ya injini) haitaki bomba kubwa, na huku kwetu milimani inataka dogo hata zaidi.

Mimi mwenyewe nililifunga. Starlet yangu ina injini ya 4E-FE, ya sisi (cc, yaani ujazo wa silinda) 1,331. Baada ya kufunga inchi mbili na nusu ilinguruma vizuri sana pale gereji, nikafurahi. Nikaipeleka Uyole, nikaanza kupanda Mlima Nyoka kwa gia ya tatu. Pale ambapo zamani ilikuwa inavuta, sasa ikazama, ikabidi nirudi ya pili. Juu kabisa ya mizunguko ya injini ilikuwa sawa, ila dereva wa mbio za vumbi anayatumia mara ngapi yale ya juu? Ukitoka kwenye kona unahitaji nguvu ya katikati.

Hatua ya kwanza: ijue hewa yako

Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo la hewa hapa ni asilimia 81 hivi ya lile la Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo inameza hewa pungufu, inapoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake, na moshi inaoutoa nao unapungua. Kwa hiyo vipimo vya bomba unavyovikuta kwa watu wa pwani au nchi za nje usivichukue vilivyo. Ukisitasita kati ya saizi mbili, chukua ndogo.

Hatua ya pili: soma kanuni kabla ya kununua hata bolti

Kanuni za FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) kwa magari ya rali yanapopita barabara za umma zinaweka kikomo cha kelele cha desibeli 103, injini ya petroli ikiwa kwenye mizunguko 3,500 kwa dakika. Mdomo wa bomba uwe kati ya sentimita 10 na 45 kutoka ardhini. Waandaaji wa mbio zako wanaweza kuwa na masharti yao ya ziada, waulize mapema.

Hatua ya tatu: kipenyo

Moshi hautoki kama maji ya bomba. Unatoka kwa mapigo, silinda moja baada ya nyingine. Pigo likipita kwa kasi, nyuma yake linaacha mvuto unaosaidia kufyonza moshi wa silinda inayofuata. Kasi hiyo ndiyo mali yako.

Tupige hesabu. Bomba la inchi mbili lenye ukuta wa milimita 1.5 lina uwazi wa sentimita za mraba 17.9. La inchi mbili na nusu lina 28.7. Umeongeza uwazi kwa asilimia 60, wakati moshi ni uleule, kwa hiyo kasi inashuka hadi theluthi mbili au chini kidogo. Ndiyo maana Starlet yangu ilizama pale Mlima Nyoka.

Kwa sisi 1,300 bila tabo, inchi moja na robo tatu hadi mbili. Kwa Vitz ya 1NZ-FE, sisi 1,497, mbili zinatosha kabisa.

Hatua ya nne: manifoldi

Manifoldi ni mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda, na hapa ndipo pa kuweka hela. Kuna manifoldi ambayo mabomba manne yanaingia moja kwa moja kwenye moja, na kuna ambayo manne yanakuwa mawili, kisha moja. Kwa vumbi na milima chagua ya pili, inatoa nguvu ya katikati. Injini hizi zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, kwa hiyo la kwanza liungane na la nne, la pili na la tatu. Silinda hizo zinapishana mzunguko mzima, mapigo yake hayagongani. Nimewahi kuletewa manifoldi iliyounganisha la kwanza na la pili, imechomelewa kwa ustadi wa kupendeza, lakini faida ya mpangilio imepotea yote.

Hatua ya tano: sailensa

Chagua ya kupita moja kwa moja, yenye bomba la matundu ndani na pamba ya kioo pembeni. Mdomo wake uwe saizi ileile ya bomba.

Hatua ya sita: kupinda, kuchomelea, kuning'iniza

Bomba likipindwa kwa mashine ya kubana linakunjamana kwenye kona na uwazi unapotea. Mafundi wetu wanajaza mchanga, wanaziba ncha, wanapasha moto na kupinda taratibu. Ni njia nzuri, ila mchanga uwe MKAVU kabisa, uukaange kwanza. Maji yakibaki ndani yanageuka mvuke na kizibo kinaweza kuruka usoni kwako.

Injini imelala kwa upana, kila ukikanyaga mafuta inayumba. Weka kipande cha bomba linalonyumbulika baada ya manifoldi, la sivyo manifoldi itapasuka. Nati ya oksijeni sensa (inayopima oksijeni kwenye moshi) ni ya milimita 18, uzi wa 1.5, ichomelee upande wa juu wa bomba, maji yasitulie kwenye sensa. Bomba lenyewe lisiwe kitu cha chini kuliko vyote chini ya gari. Jiwe moja kwenye barabara za msitu wa Sao Hill linaling'oa lote.

Hatua ya saba: pima uvujaji

Injini ikiwa ya baridi, iwashe, ziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene, mwenzako apake maji ya sabuni kwenye kila maungio. Mapovu yakitokea, rudia kuchomelea. Uvujaji kabla ya sensa unaingiza hewa, sensa inadhani mafuta ni machache, kontroli boksi (kompyuta ya injini) inaongeza, gari inakunywa bure.

MASWALI YA WANACHAMA

Njombe: Mkuu, yangu ni Starlet ya 4E-FTE, ile yenye tabo. Na mimi nifunge inchi mbili?

Hapana kaka, wewe kanuni yako ni nyingine. Kwenye tabo, kadiri njia baada ya tabo inavyokuwa wazi ndivyo inavyowahi kuamka. Wewe ndiye mwenye haki ya mbili na nusu. Ila angalia busti (presha ya hewa inayosukumwa na tabo): hewa ikiwa nyepesi tabo inazunguka kwa kasi zaidi kufikia busti ileile, usiipandishe kiholela.

Iringa: Shikamoo fundi. Gari yangu ni ya kazini na shuleni kwa watoto, nimeambiwa nitoe masega (kichujio cha sumu ya moshi kwenye ekzosi) iwe nyepesi.

Marahaba dada. Usitoe. Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, na wapo wanaokushauri kwa sababu wanataka kuyauza. Yanapunguza sumu ya moshi ambao watoto wako wanauvuta. Ukihisi yameziba, fundi afungue sensa, aweke geji ya presha kwenye tundu lake. Ikizidi psi 3 kwa mizunguko 2,500, hapo kuna kizuizi.

Tukuyu: Bomba langu la chuma cha kawaida limetoboka chini ya sailensa, gari halina hata miaka miwili.

Mvua yenu inachangia, lakini kutu hiyo imeanzia ndani. Petroli ikiungua inatoa maji, na safari fupi hazipashi bomba moto wa kuyakausha. Yanatulia pale chini. Toboa tundu la milimita 3 sehemu ya chini kabisa ya sailensa, na ukibadilisha chukua stenlesi ya 304.

Mafinga: Nikiachia mafuta kwenye mteremko inapiga pa-pa-pa. Wenzangu wanasema ndiyo gari ya mbio hiyo.

Kaka, anza na maungio ya manifoldi. Ukiachia mafuta, hewa inafyonzwa kupitia ufa, inakutana na petroli isiyoungua, inalipuka humo ndani. Fungua, angalia gasketi. Ukiona masizi meusi yametoka nje kama mkia, ufa ni hapohapo.