Kabla mama hajarudi kijijini na mashine yake ya kusikia

Mashine ya kusikia ikizimika kijijini, mara nyingi kilichokufa ni betri tu. Na betri zenyewe huzipati dukani kwa Mangi pamoja na sabuni na vocha. Kwa hiyo zitafutwe mama akiwa bado kwenu mjini, si asubuhi ya safari mkiwa stendi. (Kama mashine yake ni ya kuchaji, shida yenu ni umeme na chaja. Hapa nazungumzia zile za kubadilisha betri.)

Cha kwanza ni saizi. Zinazotumika sana ni nne, na karibu watengenezaji wote hufuata rangi zilezile za kibandiko: 10 ni manjano, 312 kahawia, 13 rangi ya chungwa, 675 buluu. Usikisie kwa macho, maana 312 na 13 zina upana uleule wa milimita 7.9, tofauti ni unene, moja 3.6 na nyingine 5.4. Angalia pakiti aliyopewa kliniki, uende nayo unakonunua.

Tena jihadhari na betri za fundi saa. Namba 675 ina umbo lilelile la LR44, ile ya vikokotoo na midoli inayouzwa kila kona kwa bei ya chee. Itaingia, kimlango kitafunga, na sauti itatoka. Lakini LR44 ni ya alkali: haibebi hata nusu ya umeme wa 675, na nguvu yake hupungua kadiri inavyotumika. Mama atasikia kidogo, kisha ataanza kuwauliza watu mbona wananong'ona. Hakikisha pakiti imeandikwa zinc air, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi.

Maandishi hayo yana maana yake. Betri ya zinki na hewa hufanya kazi kwa kuvuta oksijeni kupitia vitundu vidogo vilivyo upande wa chanya, na kibandiko ndicho kinachoviziba. Kikishabanduliwa, betri imeanza safari yake, iwe ndani ya mashine au juu ya meza, kukirudishia hakuisimamishi. Basi muuzaji asikubandulie "kujaribu" zote, na wajukuu wanaopenda stika wawekwe mbali. Siku ya kubadilisha, bandua, iache ipumue dakika tatu hadi tano, ndipo uiweke.

Halafu idadi. Namba 312 hudumu takriban siku 3 hadi 10, na 13 kama siku 6 hadi 14, kutegemea mashine ina nguvu kiasi gani, anaivaa saa ngapi kwa siku, na kama imeunganishwa na simu kwa Bluetooth, ambayo hula betri kwelikweli. Badala ya kubahatisha, andikeni kwenye kalenda kila mnapobadilisha. Ikiwa moja inamtosha wiki nzima, masikio mawili kwa wiki 13 ni betri 26, yaani ukinunua pakiti tano za sita sita, betri nne zitabaki za akiba. Za miaka miwili usinunue. Huzeeka hata zikiwa zimefungwa.

Zikae mahali pakavu, si kwenye friji, kwani unyevu huzigandia zikitolewa. Zisikae pia kwenye pochi pamoja na sarafu na funguo. Ninaloogopa zaidi ni kopo la dawa: betri hizi zinafanana mno na vidonge, na wapo wazee waliozimeza. Akimeza mtu, au mtoto akijitia puani au sikioni, ni hospitali saa hiyohiyo pamoja na pakiti. Asitapishwe, na pua au sikio lisitiwe matone yoyote.

Jambo linalosahaulika ni vidole. Mwache mama abadilishe mwenyewe mbele yako, bila kumsaidia, mikono ikiwa mikavu na haina mafuta. Afungue kimlango kwa ukucha, atoe ya zamani, aweke mpya, alama ya kujumlisha ya betri ilingane na ile ya kimlangoni. Kikigoma kufunga, asikilazimishe, betri imegeuka. Kama vidole vinatetemeka, uliza kliniki kile kijiti chenye sumaku cha kunasia betri. Aitambue pia ile milio ya kuonya kwamba betri inakwisha, na usiku aache kimlango wazi ili mashine izime na kupata hewa. Kwa wa Tanga au Pwani kwenye unyevu, mashine ilale ndani ya kopo la kukaushia, ila betri itolewe kwanza, maana hukauka nayo.

Pakiti ya kwanza ikiisha, isitupwe. Atakayetumwa mjini aende nayo mkononi, amwonyeshe muuzaji namba na rangi.