Kuandaa na kuwasilisha muswada wa mbunge

Miswada mingi ya wabunge, yaani ile inayoletwa na mbunge mwenyewe na si Serikali, haifi kwa kura. Hukwama kabla hata ya mjadala, kwa kasoro ambazo zingeonekana mapema.

Anza na ukurasa mmoja: tatizo ni lipi, linaguswa na sheria gani, na kifungu kipi hasa kinakwaza. Mwandishi wa sheria hahitaji hotuba. Mara nyingi hakuna haja ya sheria mpya, unahitaji marekebisho ya namna hii ("Sheria Kuu" ni ile inayorekebishwa): "Kifungu cha 12 cha Sheria Kuu kinarekebishwa kwa kufuta neno 'anaweza' na badala yake kuweka neno 'atapaswa'." Neno moja tu, lakini afisa aliyekuwa na hiari sasa ana wajibu. Kisha pekua sheria nzima na kanuni zake. Kifungu kingine kinachorejea cha 12 kikibaki na lugha ya zamani, mahakama ndiyo itakayoamua ulimaanisha nini.

Weka pia tarehe ya kuanza kutumika, masharti ya mpito kwa maombi na kesi ambazo hazijaisha, na maelezo ya madhumuni na sababu. Jina refu la muswada, yaani maneno ya mwanzo yanayotaja lengo lake, liandikwe kwa uangalifu, kwani katika mabunge mengi marekebisho yanayotoka nje ya upeo wake hukataliwa.

Wengi huangukia kwenye fedha. Ibara ya 99 ya Katiba ya Tanzania inalizuia Bunge kushughulikia kodi au matumizi ya Mfuko Mkuu wa Hazina bila pendekezo la Rais kupitia Waziri. Kenya, Ibara ya 114 inataka pendekezo la kamati husika, baada ya kuzingatia maoni ya waziri wa fedha. Marekani, muswada wa kodi lazima uanzie Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo ukiandika "kutakuwa na Baraza la wajumbe tisa watakaolipwa posho", umejifungia njia kwa sentensi moja. Kazi hiyo ipe ofisi iliyopo, na hata hapo uliza mapema kama itahesabiwa kuwa gharama mpya.

Saini nazo zina hesabu yake. Baraza la Wawakilishi la Marekani hutambua mdhamini mkuu mmoja, na waungaji mkono hawana kikomo. Uingereza mwenye muswada huandikisha wenzake wasiozidi 11. Tafuta mmoja kutoka chama pinzani na mmoja aliye ndani ya kamati itakayoupokea. Majina 50 ya marafiki wa chama kimoja hayasogezi kitu kamatini.

Kuwasilisha kwenyewe ni jambo dogo. Toa taarifa kwa Katibu wa Bunge kwa muda na fomu ya kanuni zenu; Washington mdhamini hutumbukiza muswada uliosainiwa kwenye kisanduku kilicho karibu na meza ya makarani. Unapewa namba, unasomwa mara ya kwanza, mara nyingi kwa jina tu, bila mjadala, kisha unapelekwa kamatini.

Kinachokula miswada baada ya hapo ni muda. Uingereza, miswada ya wabunge hutengewa siku 13 za Ijumaa katika kipindi cha kawaida cha Bunge, na msemaji mmoja anaweza kuongea hadi muda wa siku hiyo uishe. Kumkatiza kunahitaji kura ya ndiyo ya wabunge wasiopungua 100, siku ambayo wengi wameshaondoka kwenda majimboni. Waombe wiki kadhaa kabla, kwa majina, kwamba siku hiyo wabaki. Marekani muswada usiopita hufa pamoja na Kongresi yake, yaani kipindi cha Bunge cha miaka 2. Unauwasilisha upya, kwa namba mpya.