Namna ya kuchagua C na gama za SVM: mfano wa karafuu za Wete

SVM ni mbinu ya kuifundisha kompyuta ichore mpaka kati ya makundi mawili ya mifano, na C na gama ni namba mbili unazoipangia wewe kabla ya mafunzo. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana Python na scikit-learn, maktaba yake ya kufundishia kompyuta, katika kompyuta yake. Mfano ni wangu mwenyewe: picha za karafuu kavu nilizozipiga majamvini Wete, ili kompyuta itenganishe zilizokauka vyema na zilizonyeshewa zikapauka. Kila karafuu ina sifa nne, yaani urefu kwa milimita, na wastani wa rangi nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255.

Hatua ya kwanza ni kusawazisha vipimo. Keneli ni fomula ambayo SVM huitumia kupima kufanana kwa mifano miwili. Keneli ya RBF hupima umbali baina ya karafuu mbili, na rangi zinazopishana kwa makumi huumeza urefu unaopishana kwa milimita mbili tatu. Tumia StandardScaler, inayosawazisha vipimo, ndani ya Pipeline, inayounganisha hatua za kazi kuwa moja, ili wastani ukokotolewe kwa data ya mafunzo peke yake.

Hatua ya pili, jaribu keneli ya mstari, ambayo huchora mpaka ulionyooka na haina gama. Ikitosha, ishia hapo.

Isipotosha, rudi kwenye RBF. Hatua ya tatu ni kuielewa gama, na hapa ndipo wengi hukwama. Thamani ya keneli ni e yenye kipeo cha gama hasi mara mraba wa umbali. Chukua karafuu mbili ambazo mraba wa umbali wao ni 4: gama ikiwa 0.1, kufanana kwao ni 0.67, ikiwa 10, kipeo kinakuwa −40, na kufanana huko ni kama sifuri. Niliwahi kuweka 10 kwa pupa, nikapata majibu sahihi yote katika data ya mafunzo. Nilipoleta jamvi jipya, karibu kila karafuu ikaitwa nzuri, hata zile ambazo mtoto mdogo angezichambua na kuzitupa. Mifano yote ya mafunzo ilikuwa mbali mno na karafuu hizo mpya, ikabaki namba ya kudumu ya fomula, nayo ilielemea upande wa nzuri kwa kuwa ndizo zilizokuwa nyingi.

C, kwa upande wake, ni bei ya kosa: ikipanda, mpaka hujipindapinda kuifuata kila karafuu. Usiipange peke yake, kwani gama ikibadilika, C iliyofaa haifai tena.

Hatua ya nne, zitafute pamoja kwa GridSearchCV, inayojaribu kila mchanganyiko wa C na gama. Waandishi wa LIBSVM, programu ya SVM, hupendekeza C kuanzia 2⁻⁵ hadi 2¹⁵ na gama kuanzia 2⁻¹⁵ hadi 2³, kipeo kikiongezeka kwa 2. Hiyo ni michanganyiko 110, na ukiigawa data mafungu matano, kila fungu likipimwa kwa zamu huku mengine yakifundisha, ni mafunzo 550. Gawa mafungu kwa GroupKFold, jamvi zima katika fungu moja, kwa sababu karafuu zilizopigwa picha chini ya jua moja hufanana kwa mwanga na si kwa ubora. Jibu bora likiangukia ukingoni mwa jedwali, panua jedwali upande huo. Likiwa ndani, tafuta tena kwa hatua ndogo zaidi. Michanganyiko miwili ikilingana, mimi huchukua yenye C na gama ndogo.

Mwisho, lete jamvi uliloliweka kando tangu mwanzo, ulipime mara moja tu, na usirudi kugusa C.