Vichupa viwili kabla ya joto au barafu

Ukiwafundisha wanafunzi wa fiziotherapia tiba ya joto na baridi, waanze na vichupa viwili vya kioo: kimoja maji ya nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi, kingine nyuzi 5 hadi 10 (vikaushwe nje, unyevu huvuruga jibu). Mgonjwa afumbe macho, aguswe bila mpangilio panapotibiwa, aseme "moto" au "baridi". Kinga kubwa dhidi ya kuungua ni mgonjwa mwenyewe kulalamika, na ngozi yenye ganzi hailalamiki. Akikosea, usiweke chochote hapo. Kipimo hiki hakigundui mzunguko hafifu wa damu; kagua mapigo na rangi ya ngozi. Kwa tiba ya umeme hakitoshi: pima pia kama mgonjwa anatofautisha mguso wa ncha kali na butu.