Anza na "nini", "kwa nini" isubiri

Ukitaka kuelewa yanayokupitia ndani, usijiulize kwanza kwa nini. Swali hilo hujibiwa upesi mno, na jibu lake mara nyingi ni la kutunga. Wanasaikolojia Richard Nisbett na Timothy Wilson walilionyesha hilo katika makala yao ya mwaka 1977. Watu waliwekewa jozi nne za soksi ndefu za kike, zote sawasawa, wachague iliyo bora. Ya kulia kabisa ndiyo iliyopendwa zaidi, lakini walipoulizwa sababu hakuna aliyetaja mahali ilipokaa.

Kwa hiyo mimi huanza na kengele. Iweke kwenye simu ilie saa usiyoitarajia. Ukiweza, mwombe mtu mwingine akupangie. Mwanasaikolojia Russell Hurlburt alianza kutumia kifaa cha namna hiyo miaka ya 1970. Ikilia, shika kilichokuwepo sekunde moja kabla ya mlio, kisha andika papo hapo. Ukisema utaandika jioni, basi jioni utaandika hadithi.

Andika hivi: "Nasoma ujumbe kwa mara ya pili. Meno yamebana. Ulimi umegandamana na kaakaa. Neno 'tena' linajirudia kichwani, polepole, kwa sauti yangu. Hakuna picha." Usiandike: "Nilikasirika kwa sababu ananidharau." Hiyo ni hukumu, na kesi yenyewe bado haijasikilizwa. Na kama hukuwa unawaza lolote, andika hivyohivyo. Watu huona aibu kukiri kwamba kichwa kilikuwa kitupu, sijui kwa nini.

Kisha jitazame kwa nje. Chini ya maandishi hayo, ongeza yale tu ambayo mtu aliyeketi kando yako angeyaona: nani alinyamaza kwanza, mikono ilishika nini, ulitoka chumbani lini. Ukimuuliza mtu wa karibu, usimuulize "mimi nikoje?" Atakufariji tu. Muulize: "Jana fulani alipoanza kusimulia, mimi nilifanya nini?" Dada yangu aliwahi kunijibu kwamba nilikuwa nakunja na kukunjua kitambaa kilekile. Daftari langu lilisema nimetulia.

Ushahidi wa namna hiyo ukigongana, usiharakishe kuamua. Kuhusu maumivu, ladha au hofu, anayeijua ni wewe, hata kama uso hauonyeshi. Kuhusu sababu za matendo yako, mimi humwamini zaidi aliyekuwa akinitazama.

Ukijikuta unaandika lalamiko lilelile kila kengele inapolia, funga daftari utoke nje. Hapo huchunguzi tena, unajichokonoa. Na kumbukumbu nzito zikifumuka, tafuta mshauri nasaha, usizibebe peke yako.

Vinginevyo, acha kurasa zikae siku kadhaa. Ukizirudia, zungushia duara kila kinachojitokeza zaidi ya mara moja. Sasa ndipo uulize kwa nini, na uandike majibu mawili au matatu, si moja.