Unasoma evolusheni chuoni na bado unasali? Fanya hivi

Kama umekulia kanisani au madrasa afu sasa uko mwaka wa kwanza, kuna siku lekchara wa evolusheni, yaani nadharia kwamba binadamu na viumbe wengine walibadilika taratibu kutoka viumbe vya kale, ataweka picha ya fuvu la kale lililochimbwa Olduvai na utahisi ukikubali umemkana Mungu, ukikataa unafeli. Usiamue usiku huohuo.

Anza na daftari. Upande mmoja andika kilichopatikana tu, mfano nyayo za Laetoli kule Ngorongoro, za viumbe wa kale waliotembea kwa miguu miwili kama sisi, timu ya mtafiti Mary Leakey ilizikuta 1978, umri wake kama miaka milioni 3.6 na umejulikana kwa kupima majivu ya volkano. Upande wa pili andika watu wanachoongezea juu yake, kama "kwa hiyo hakuna Mungu". Hicho cha pili hakuna maabara iliyokipima, na utashangaa jinsi mzigo mwingi unaokulemea uko huko.

Afu usilazimishe aya. Hapa ndo naona vijana wengi wanaumia, wanatafuta mstari wa kitabu unaofanana na nadharia fulani wanasema mnaona tulishaambiwa, sasa nadharia ikirekebishwa kesho na imani inayumba nayo. Mwangalie Georges Lemaître, alikuwa padri Mkatoliki wa Ubelgiji na mwanafizikia, mwaka 1927 ndo aliandika kwamba ulimwengu unatanuka, na Papa Pius XII alipoihusisha sayansi hiyo na uumbaji mwaka 1951 yeye padri mwenyewe hakupendezwa, alitaka fizikia ijibiwe kwa fizikia. Na aliendelea kuwa padri mpaka anakufa. Kwa Waislamu msomeni Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu wa karne ya 12, alikuwa kadhi kabisa na alishikilia kuwa ukweli haupingani na ukweli.

Tafuta mtu aliyesoma na anayeamini, mwendee faraghani na swali moja, sio kumi. Shehe au mchungaji akikwambia hilo swali ni la shetani, mshukuru kwa heshima utafute mwingine, wapo.

Kusali usiache eti unasubiri majibu yatimie kwanza, maswali mengine yatakaa miaka na ni sawa tu.

Kwenye mtihani andika ushahidi unavyosema, hujaulizwa unaabudu nini. Na mama akiuliza huko mnafundishwa nini, mweleze zile nyayo kwanza, taratibu, na mkiitana kusali kaa nao msali.