SOMO: Kutafuta hitilafu ya umeme kwenye pikapu ya zamani kabla hujanunua kifaa

Wakuu salama. Somo hili ni la wenye pikapu za zamani, Hilux za injini za dizeli za 2L na 3L na ndugu zake, ambazo huku kwetu Dodoma bado ndo zinabeba mahindi ya Kibaigwa na zabibu za Hombolo na Mpunguzi, na wayaringi zake zimeshapita mikono ya mafundi wengi. Nachotaka mtoke nacho hapa ni kimoja: usinunue alteneta (inayochaji betri), stata (inayozungusha injini iwake) wala betri kabla hujapima. Mtu anaambiwa alteneta imekufa, anaenda kununua nyingine ya mtumba, anafunga, baada ya siku mbili tatizo lile lile, kumbe waya wa ethi, yaani wa kurudisha umeme kwenye betri, umeliwa na kutu kwenye chesisi. Hilo linaniuma kwa kweli maana hela ya pikapu kwa wengi wetu ndo ada ya watoto.

Vifaa havitishi. Testa ya taa, maltimita ya digito (mita ya kupima volti, ampea na ohmu) hata ile ya bei ndogo, spana namba 10 na 12, msasa, brashi ya waya, tepu nyeusi, na balbu ya taa ya breki uliyoifunga waya mbili. Hiyo balbu ishikeni, tutaihitaji.

HATUA YA 1: iangalie gari kabla hujashika spana
Washa kila kitu kimoja kimoja na uandike kipi kinafanya kazi na kipi hakifanyi. Vitu viwili vikifa pamoja jua vinatumia fyuzi moja au ethi moja, kwa hiyo usianze kuhangaika na balbu. Na kuna dalili moja ukiiona umeshamaliza nusu ya kazi: unawasha indiketa taa ya nyuma nayo inacheza kwa kufuata indiketa, au unakanyaga breki taa ndogo za mbele zinawaka kwa mbali. Hiyo ni ethi. Umeme umekosa njia ya kurudi kwenye betri ndo maana unapita kwenye balbu ya jirani.

HATUA YA 2: betri na chaji
Pima asubuhi gari ikiwa imelala. Volti 12.6 imejaa, 12.4 iko kama robo tatu, 12.0 hiyo karibu imeisha na hakuna kipimo kingine utakachokiamini mpaka uichaji. Kisha washa injini, pima tena palepale kwenye betri, unatakiwa uone kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ukiona 12 na kitu haichaji, ukiona zaidi ya 15 regyuleta (inayozuia chaji isizidi) imeachia na itaunguza balbu na kukausha maji ya betri.

Kama haichaji usikimbilie dukani. Angalia fanbelti, angalia fyuzi inayolisha regyuleta, halafu pima ule waya mnene nyuma ya alteneta injini ikiwa inazunguka, kama pale kuna 14 na kwenye betri kuna 12 basi alteneta ni nzima na umeme unapotelea njiani. Kwenye 2L na 3L kuna jambo lingine, pampu ya vakyumu (inayosaidia breki iwe nyepesi) imekaa mgongoni mwa alteneta na inalainishwa na oili ya injini. Sili ikichoka oili inaingia ndani na kuharibu brashi, hapo hata ukifunga alteneta nyingine bila kuangalia uvujaji unarudi kulekule.

HATUA YA 3: ethi, na hapa msiruke
Toyota nyingi waya wa ethi ni mweupe wenye mstari mweusi, ufuate mpaka uone umefungwa wapi kwenye bodi. Kuna ethi ya betri kwenda injini, ya betri kwenda bodi, na za taa za nyuma. Vumbi letu likichanganyika na mvua za kuanzia Desemba linaganda kwenye hizo bolti, kutu inaanza chini ya kichwa cha waya na juu huoni kitu.

Wengi wanapima ethi kwa kipimo cha ohmu, mita inasoma sifuri, wanasema ni nzima. Hapana wakuu. Mita inapitisha umeme kidogo mno, waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu utaonekana mzima kabisa lakini stata ikidai ampea 200 na zaidi unashindwa. Pima volti ikiwa kwenye mzigo: waya mmoja wa mita kwenye nguzo ya hasi ya betri (nguzo yenyewe, sio klempu), mwingine kwenye chuma safi cha injini, mtu apige stata. Ili injini isiwake chomoa waya wa solenoidi (valvu ya umeme inayofungulia dizeli) kwenye pampu ya dizeli. Ikisoma chini ya volti 0.2 safi sana, ikizidi 0.5 hiyo ethi ifungue, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi juu. Fanya hivyohivyo upande wa chanya, nguzo ya betri mpaka bolti nene ya stata. Kazi ya dakika chache inayookoa stata ya watu.

HATUA YA 4: fyuzi inayokata kila ukiweka
Naomba sana, msiweke karatasi ya sigara wala waya wa shaba badala ya fyuzi. Fyuzi ikikataa kukata kitakachoungua ni wayaringi, na chini ya dashibodi moto unashika haraka. Fyuzi nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30, rudisha ileile iliyoandikwa kwenye mfuniko.

Sasa ile balbu. Toa fyuzi, chomoa balbu na vifaa vyote vya njia ile, halafu ingiza waya za balbu yako kwenye matundu mawili ya fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu shoti ipo. Sasa tikisa waya taratibu kuanzia dashibodi kwenda nyuma, chomoa soketi moja moja, pale balbu itakapozima ndo sehemu yenyewe. Mara nyingi ni pale waya unapopita tundu la chuma na raba imetoka, au chini ya bodi ya nyuma ambapo umesuguana na chesisi. Na panya, hasa ukiegesha karibu na ghala la mahindi wanapenda sana kuja kulala kwenye joto la injini na kutafuna waya.

HATUA YA 5: betri inayokufa ikilala
Zima kila kitu, funga milango, fungua hasi ya betri, weka mita kwenye ampea 10 kati ya klempu na nguzo. Usipige stata wala kuwasha swichi hapo utaunguza mita. Gari ya zamani inatakiwa itumie chini ya ampea 0.05. Ukiona 0.5 ujue kwa saa 24 inakunywa ampea-saa 12, betri ya ampea-saa 70 siku ya tatu au ya nne haipigi stata. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Zikiisha zote na namba haijashuka, rudisha fyuzi, toa ule waya mnene wa alteneta huku hasi ikiwa wazi, ufunge tepu usiguse chuma, kisha pima tena. Namba ikishuka ni dayodi za alteneta, zile zinazozuia umeme wa betri usirudi ndani yake. Ila anzeni na alamu, redio na spotilaiti zilizoongezwa kwa kusokota waya, nyingi zinaishia hapo.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Kizota: Shikamoo fundi. Taa kubwa zangu haziwaki, nimeweka testa waya zote tatu za soketi zinaonyesha moto, balbu mpya. Inakuwaje?
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hilux nyingi za zamani moto unakuwepo kwenye balbu muda wote taa zikiwashwa, swichi ya ful na dimu inakata upande wa ethi. Testa inaona moto umepita ndani ya balbu ukafika waya nyingine, kwa hiyo balbu ni nzima na njia ya kurudi ndo imekatika. Fuata ethi ya ile swichi ya kwenye usukani.

Mama wa Bahi: Kijana wangu anasema tuweke betri kubwa zaidi maana stata inazunguka kivivu.
Jibu: Mama, mwambie asubiri kwanza, afanye kipimo cha hatua ya 3. Betri kubwa haitibu waya mbovu.

Mdau njia ya Kondoa: 3L yangu ikipiga matuta inazima ghafla kama umefunga swichi, ikikaa inawaka. Wanasema pampu.
Jibu: Kaka pampu usiishushe bado. Solenoidi ya pampu ikikosa umeme hata sekunde injini inazima. Acha injini inazunguka, tikisa waya wa solenoidi na soketi yake, kisha waya za nyuma ya swichi ya ufunguo. Ikizima ukiwa umeshika sehemu fulani anzia hapo. Isipozima, unganisha testa kwenye ule waya uilete mpaka kabini, endesha kwenye njia hiyohiyo na mtu wa pembeni aiangalie. Gari ikizima na testa imezima pamoja nayo ni umeme, testa ikibaki inawaka ndo muanze kuongea habari za dizeli.